Laiki Hazilipi Kodi ya Fremu

Ilikuwa yapata saa kumi alfajiri Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja, karibu na mji wa Nakuru nchini Kenya, alipopigiwa simu kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Aliandika ujumbe kwenye Twitter. Muda si muda wanakijiji walikuwa wamejaa nje ya nyumba ile, na wezi wakatoka mbio. Siku nyingine ujumbe wake ulihusu kondoo wa rangi ya kahawia na nyeupe, aliyepotea na kamba ya nailoni shingoni. Kondoo akapatikana, akarudishwa kwa mwenyewe.

Vyombo vya habari vya kimataifa vilipoandika habari za chifu huyo mwaka 2012, ukurasa wake ulionyesha wafuasi wapatao 300. Eneo lake lilikuwa na wakazi kama 28,000, na yeye mwenyewe alikadiria kwamba maelfu yao walikuwa wakipata ujumbe wake. Wengine waliupokea kwa SMS kwenye simu za kawaida zisizo na intaneti, wengine waliambiwa na jirani. Mtaalamu wa matangazo anayepima kurasa kwa idadi ya wafuasi angeupita ule wa chifu bila kuutupia jicho mara mbili. Lakini Kariuki alijua kazi aliyoutuma ukurasa wake uifanye, kwa hiyo kila ujumbe ulipotoka aliweza kusema kama umefanya kazi au haukufanya: mwizi amekimbia au hakukimbia, kondoo amerudi au hajarudi.

Wafanyabiashara wadogo wengi hawana kipimo cha wazi namna hiyo. Muuza magauni wa Sinza, mpika keki wa Mwanza, fundi samani wa Keko, muuza viatu wa Gikomba, wote wana ukurasa, na wakiulizwa biashara ya mtandaoni inakwendaje, jibu la kwanza huwa ni idadi ya wafuasi. "Tumefika elfu ishirini na mbili." Wanalitamka kwa fahari, na wana haki, maana kuwakusanya watu elfu ishirini na mbili ni kazi ya miaka: kupiga picha usiku baada ya kufunga duka, kuandika maelezo, kununua bando, kujibu komenti za watu wasio na adabu. Hata hivyo mwenye fremu anapokuja kuchukua kodi yake ya miezi sita, kuna fedha au hakuna. Kati ya ile idadi ya wafuasi na ile kodi pana njia ndefu, na sura hii inahusu namna ya kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua, kwa macho ya mwenye duka na kwa vifaa alivyo navyo tayari.

Namba zinazoonekana mbele kabisa kwenye simu hazikuwekwa pale kwa ajili ya duka. Facebook ilianzisha kitufe cha laiki Februari 2009, na tangu hapo karibu kila mtandao umejenga mfumo wake juu ya namba ambazo mtu huziona zikipanda muda huohuo anapotazama. Mitandao hii huishi kwa kuuza matangazo, na matangazo yanahitaji watu wanaorudi kila saa, wakiwemo wale wanaoposti. Laiki humrudisha mwenye ukurasa kesho aposti tena. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa, na inaifanya vizuri sana.

Kisha kuna suala la namba zenyewe kuhesabiwa kwa namna tofauti. Kwa miaka mingi Facebook ilisema video imetazamwa iwapo imechezwa kwa sekunde 3. TikTok huhesabu tangu video inapoanza tu kucheza. YouTube nayo, kuanzia 31 Machi 2025, ilibadili hesabu ya video zake fupi ikaanza kuhesabu kila inapoanza kucheza, bila kudai muda wowote wa kutazama. Mwenye duka aliyeona watazamaji wake wa video fupi wakiongezeka Aprili ya mwaka huo huenda hakufanya jambo lolote jipya. Fimbo ya kupimia ndiyo iliyofupishwa. Anayesema "TikTok inanilipa kuliko Facebook kwa sababu kule natazamwa mara kumi" analinganisha vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Wakubwa pia wameumizwa na hili. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili ilikuwa imewaonyesha watangazaji wastani wa muda wa kutazama video uliozidi ukweli kwa asilimia 60 hadi 80. Sababu ilikuwa ya hesabu ya shule ya msingi: ilichukua muda wote uliotazamwa, ikaugawa kwa idadi ya watu waliovuka sekunde 3 tu, na kuwaacha nje wale waliopita kwa kidole bila kusimama. Watangazaji walikwenda mahakamani nchini Marekani, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi bila kukiri kosa. Ikiwa kampuni zenye idara nzima za takwimu ziliziamini namba zile, fundi cherehani anayezitazama kwenye simu iliyopasuka kioo hana sababu ya kujilaumu. Ana sababu ya kutafuta namba zake mwenyewe.

Idadi ya wafuasi nayo hununuliwa. Desemba 2014 Instagram ilifuta akaunti bandia kwa mkupuo, na ukurasa wa Instagram yenyewe ukapoteza wafuasi karibu milioni 19. Januari 2018 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu Devumi, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwauzia wateja wafuasi bandia wa Twitter, jumla yao kama milioni 200. Kununua wafuasi ni kujidanganya kwa fedha taslimu, lakini madhara yake kwa biashara ndogo hayaishii kwenye fedha hizo. Mtandao huamua nani aonyeshwe posti kwa kutazama waliokwisha kuiona walifanya nini. Wafuasi elfu kumi wasio watu hawabonyezi kitu, hawamtumii rafiki kitu, na posti iliyopikwa kwa uangalifu inazama kabla haijawafikia wateja wa kweli mia nane waliokuwa wakiingoja.

Wafuasi wa kweli nao wana mipaka yao. Mei 2019 kijana mmoja wa Marekani mwenye wafuasi milioni 2.6 kwenye Instagram alieleza hadharani kwamba mradi wake wa fulana umekwama. Kampuni ya kutengeneza ilikuwa imemtaka auze kwanza fulana 36, naye hakuzifikisha. Watu wengi walimcheka, na haikuwa haki. Wafuasi wake walikuja kutazama picha zake, na picha walizipata; hakuna aliyewahi kuahidi kununua fulana. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mtu aliyekuja kwa jambo moja amekuja pia kwa jingine.

Charles Goodhart, mwanauchumi wa Uingereza aliyekuwa mshauri wa Benki Kuu ya nchi hiyo, alionya mwaka 1975 kwamba kipimo kikishafanywa shabaha huacha kupima vizuri. Alikuwa akizungumzia sera za fedha. Afrika Mashariki onyo hilo linaonekana waziwazi kwenye desturi ya "bei inboksi".

Posti inawekwa: gauni zuri la kitenge, limevaliwa na binti mrembo, muziki unaovuma nyuma yake. Bei hakuna. Chini yake komenti zinapangana: "Bei gani dada?" "Bei?" "Bei jamani." Na kila moja inajibiwa kwa neno lilelile, "Karibu inboksi kipenzi." Kuna sababu zinazotolewa. Washindani wasione bei. Mteja akishaingia inboksi ni rahisi kumbembeleza. Komenti zinapoongezeka, mtandao unaisukuma posti mbele. Hii ya mwisho ina ukweli, na ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu ujumbe wa inboksi, ambao ungekuwa kipimo kizuri cha watu wenye nia ya kununua, unageuka kuwa hesabu ya watu waliofichwa bei. Mtu mwenye Sh20,000 mfukoni na anayetaka gauni la Sh65,000 wanahesabiwa sawa. Wa kwanza angeona bei, angeendelea na safari yake, na asingemchukulia muuzaji dakika hata moja.

Uchukuliwe mfano wa hesabu, wa duka la kubuni lakini lenye bei ambazo mtu wa Dar es Salaam atazitambua. Gauni linauzwa Sh65,000. Kitambaa, fundi, zipu na mfuko vikitolewa, muuzaji anabaki na Sh18,000. Katika wiki mbili anaweka video mbili. Ya kwanza ni ya kucheza na wimbo unaovuma, haina bei, na anaibusti, yaani analipia mtandao uisukume mbele, kwa Sh60,000. Inatazamwa mara 40,000 na kuleta meseji 210. Kati ya hao, tisa wanatoa oda, sita wanalipa, mmoja anarudisha mzigo. Magauni matano yaliyobaki ni Sh90,000, akitoa gharama ya kubusti anabaki na Sh30,000.

Video ya pili haina wimbo. Mkono unaligeuza gauni ndani nje, unaonyesha mishono ilivyofungwa, bitana, mfuko wa pembeni, zipu inayopanda na kushuka bila kukwama. Sauti inataja saizi zilizopo, bei, mtaa lilipo duka, na kwamba mikoani mzigo unatumwa kwa basi. Inatazamwa mara 1,900. Meseji 34. Oda 14, waliolipa 12, hakuna aliyerudisha. Faida ni Sh216,000.

Kwa macho ya simu, video ya kwanza imeishinda ya pili mara ishirini na zaidi. Kwa macho ya droo, ya pili imeishinda ya kwanza mara saba. Na bado muda haujahesabiwa. Meseji moja ikichukua dakika 3 kujibiwa, meseji 210 ni saa kumi na nusu, wakati zile 34 hazifiki saa mbili. Saa kumi na nusu ni siku nzima ya dukani, na kwa mama anayeshona mwenyewe ni magauni ambayo hayakushonwa. Wafanyabiashara wadogo huhesabu bando na kubusti kama gharama, muda wao wakauona wa bure. Wangemlipa msichana wa kujibu meseji, ndipo wangeuona.

Takwimu hizo hazipo mahali popote kwenye Instagram wala TikTok. Mtandao unajua nani ametazama, haujui nani alilipa kwa M-Pesa saa nne usiku wala nani alirudisha gauni kwa sababu kiuno kinabana. Ukweli huo unakaa upande wa duka, na mahali pake ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na waliosema hivyo hawakuwa na simu. Kaunta buku la kawaida linatosha. Mstari mmoja kwa kila anayeuliza kwa nia: tarehe, jina na namba, ametokea wapi, ameulizia nini, amelipa kiasi gani, na safu ya mwisho iliyoachwa wazi kwa ajili ya siku atakaporudi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika.

Wapo watakaosema daftari ni jambo la kizamani, zipo programu. Zipo, na anayeziweza azitumie. WhatsApp Business, iliyotoka Januari 2018, inamruhusu muuzaji kubandika lebo kwenye kila mazungumzo: mteja mpya, oda mpya, anasubiri kulipa, amelipa. Jioni moja ya kupitia lebo hizo inamwambia mtu wangapi wamekwama kwenye "anasubiri kulipa", na hapo pengine anagundua kwamba wote waliokwama ni wa mikoani na wanaogopa kutuma fedha kwa mtu wasiyemjua. Huo ni ugunduzi wa maana kuliko laiki elfu tano. Lakini kifaa kitakachojazwa kila siku ndicho kifaa bora. Nchini Jamhuri ya Dominika watafiti Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walilinganisha mafunzo ya uhasibu wa kawaida na mafunzo ya kanuni chache rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kuwa kanuni rahisi ndizo zilizoboresha utunzaji wa hesabu. Uhasibu kamili haukubadilisha mengi.

Safu ya "ametokea wapi" ndiyo ngumu kuijaza kwa uaminifu. Mteja akiulizwa "Umetujuaje, dada?" husema "mtandaoni", au "Insta", hata kama alimwona rafiki yake kavaa gauni kwenye harusi, akamuuliza, akaambiwa jina la ukurasa. Instagram hapo ilikuwa kibao cha duka tu. Aliyeuza ni yule rafiki. Swali likiongezwa nusu, "Nani au nini kilikufanya ututafute?", majibu hubadilika. Swali hilo halina gharama na halimkeri mtu. Wateja wengi hufurahi kuulizwa.

Njia nyingine ni kuacha alama ambazo mteja hahitaji kuzikumbuka. Kiungo cha WhatsApp kinaweza kuandikiwa maneno mapema, hivyo anayekibonyeza kutoka TikTok meseji yake inafunguka ikiwa tayari na "Habari, nimewaona TikTok", na wa Instagram na maneno yake. Mwenye uwezo wa kupata lipa namba mbili, au till mbili kwa Kenya, anaweza kuitenga moja kwa wa mtandaoni na nyingine kwa wanaoingia dukani kwa miguu, na mwisho wa mwezi taarifa ya miamala ikamwonyesha kila upande umeingiza nini. Anayeuza sehemu mbili anaweza kutoa neno moja kwa kila mtandao, mteja akilitaja anapunguziwa nauli ya boda. Alama zote hizi zina matundu. Hata hivyo, makadirio yenye matundu ya mtu aliyehesabu yana faida kuliko uhakika wa mtu ambaye hakuhesabu kabisa.

Swali gumu kuliko yote ni hili: je, mteja huyu angekuja hata kama nisingetangaza? Mwaka 2012 kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya eBay ilijiuliza hivyo kuhusu matangazo yake kwenye mitambo ya kutafutia. Ilikuwa ikilipia tangazo litokee kila mtu anapoandika jina "eBay". Wanauchumi waliokuwa wakifanya kazi hapo walizima matangazo hayo kwenye baadhi ya mitambo, wakatazama. Asilimia 99.5 ya waliokuwa wakibonyeza tangazo waliendelea kufika eBay, safari hii kupitia kiungo cha kawaida kisicholipiwa, mstari mmoja au miwili chini yake. Fedha zilikuwa zikilipia watu waliokuwa tayari mlangoni. Duka dogo linaweza kufanya jaribio la aina hiyo bila mwanauchumi. Wiki mbili busti magauni, usibusti viatu. Wiki mbili zinazofuata geuza. Kisha fungua daftari. Au acha kubusti kabisa kwa mwezi mmoja usio wa sikukuu. Kuzima kunaogopesha, hasa kwa mtu aliyeambiwa kila siku kwamba mtandao unamsahau anayenyamaza, lakini ndiyo njia pekee ya kuona tangazo lilikuwa likibeba nini.

Kuna hatari nyingine ambayo wanaolilia wateja wengi hawaioni mpaka iwafike. Mwaka 2011 mwenye duka la keki huko Woodley, karibu na Reading nchini Uingereza, alitoa punguzo la asilimia 75 kupitia Groupon, tovuti ya kuuza ofa za punguzo: keki ndogo 12 kwa pauni 6.50 badala ya 26. Watu 8,500 walinunua. Hiyo ilikuwa na maana ya keki 102,000. Alilazimika kuajiri vibarua 25, kila sanduku likatoka kwa hasara, na mwishoni alikuwa amepoteza pauni 12,500, faida yake yote ya mwaka. Tangazo lile, kwa kipimo chochote cha mtandaoni, lilikuwa na mafanikio makubwa. Kabla ya kutamani video isambae nchi nzima, mpika keki wa Mwanza anapaswa kujua jiko lake linatoa keki ngapi kwa siku na kila moja inambakishia shilingi ngapi, kisha ajiulize kama oda hamsini kwa siku moja ni neema au ni msiba.

Tofauti na umati wa siku moja, mteja anayerudi ana uzito wa pekee. Hakubustiwa mara ya pili. Haulizi maswali ishirini. Anajua saizi yake na fundi anaijua pia. Anatuma fedha kabla ya mzigo kwa sababu mara ya kwanza mzigo ulifika. Akimleta dada yake, dada naye anakuja akiwa na imani ya kuazima. Kama katika wateja 40 wa miezi mitatu 15 wamerudi, biashara ina kitu ambacho hakionekani kwenye ukurasa wowote wa takwimu. Kama hakuna aliyerudi hata mmoja, wafuasi wapya elfu tano watapita kwenye mlango uleule na kutokomea, na tatizo liko kwenye mshono, au kwenye usafirishaji, au kwenye lugha ya anayejibu simu. Hakuna posti itakayolitibu.

Namba za simu za wateja hao nazo ni mali. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita. Nchini Uganda mambo yalikuwa mazito zaidi. Julai 2018 serikali ilianza kutoza Sh200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ikafungwa. Ikaendelea kufungwa kwa miaka. Wauzaji na wateja waliobaki huko waliingia kwa VPN, na mtu anayepita VPN huweza kuhesabiwa kwamba yuko nchi nyingine kabisa. Muuza vitenge wa Kampala angeweza kufungua takwimu zake akaona "watazamaji" wa Ulaya wasiokuwepo. Aliyekuwa na orodha ya namba za simu kwenye daftari alikuwa bado anajua wateja wake ni nani na wanaishi mtaa gani.

Orodha hiyo inadai heshima. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data Kenya iliitoza klabu moja ya Nairobi Sh1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Mwenye duka anayependa kuposti wateja wakiwa wamevaa nguo zake, jambo ambalo kweli huuza, aulize kwanza na jibu aliandike palepale kwenye mstari wa mteja. Na asimtumie mtu matangazo ambayo hakuyataka. Namba iliyotolewa kwa ajili ya kupokea mzigo ilitolewa kwa ajili ya mzigo.

Je, laiki zitupwe zote? Hapana. Namba za mtandao zinasema kitu, zikisomwa kwa utulivu. Mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, ameeleza kwamba miongoni mwa mambo yanayotazamwa zaidi na mfumo wao ni watu wangapi wamemtumia mtu mwingine posti kwa ujumbe wa faragha, kwa kulinganisha na waliofikiwa. Kwa duka hiyo ni ishara nzuri, kwa kuwa mwanamke anayemtumia mdogo wake picha ya gauni na kumwandikia "hili kwa send-off yako" yuko karibu na droo kuliko mia waliobonyeza moyo wakipita. Posti zinazohifadhiwa nazo zafaa kutazamwa, hasa za vitu vya bei kubwa kama makabati na vitanda, ambavyo mtu huviwazia miezi kadhaa. Kwenye stetasi ya WhatsApp muuzaji huona hata majina ya waliotazama. Wapo wateja ambao hawajawahi kubonyeza chochote maishani mwao, lakini kila stetasi wameiona, na siku moja wanatuma skrinishoti ya posti ya miezi minne iliyopita: "Hii bado ipo?" Anayewafahamu kwa majina hawezi kukata tamaa kwa sababu posti imepata laiki kumi na moja.

Mara ngapi kufanya hesabu? Kila wiki kujaza, kila mwezi kujumlisha, na uamuzi mkubwa, kama kuacha mtandao mmoja au kuongeza fedha za kubusti, usubiri miezi mitatu. Wiki moja mbaya haina maana; mvua ikinyesha siku nne Dar es Salaam hakuna anayenunua viatu vya kitambaa. Na hapa kuna mtego unaowanasa hata waangalifu. Biashara za nguo, keki na vitambaa katika pwani ya Afrika Mashariki huenda kwa sikukuu, na Ramadhani haikai mwezi mmoja wa kalenda ya kawaida. Kila mwaka husogea nyuma kwa siku kama 11. Idd el Fitri ya 2024 iliangukia 10 Aprili, ya 2025 ikaangukia 31 Machi. Muuzaji aliyelinganisha Aprili na Aprili aliona mauzo yameporomoka na huenda alilaumu ukurasa wake, akamfukuza mpiga picha, au akamwaga fedha kwenye kubusti wakati wateja wake walikuwa wamekwisha kununua, wamevaa na wamerudi kazini. Katika daftari, wiki nne za kabla ya Idd zilinganishwe na wiki nne za kabla ya Idd iliyopita, popote zilipoangukia, na Desemba ilinganishwe na Desemba. Januari, ada za shule zinapokula kila kitu, iandikwe pembeni peke yake.